Kabla hujapanga safari kwa kuangalia kilomita tu

Jamani ukiona mtandaoni umbali wa eapoti mpaka eapoti usichukue ile namba ukagawanya kwa spidi ya ndege halafu ukapanga nani aje kukupokea saa ngapi, utamsumbua mtu bure. Mfano London Heathrow mpaka New York JFK ni kama kilomita 5,540, ndege ikishatulia juu inakimbia 800 mpaka 900 kwa saa, kwa hesabu hiyo unapata masaa sita na nusu hivi, lakini tiketi inakuandikia karibu masaa manane. Sababu ni kwamba muda wa tiketi unahesabiwa kuanzia ndege inapoondoka geti mpaka inaposimama geti la kule, kuzunguka kwote chini kumo, na kubwa zaidi ni upepo, kule juu unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki kwa hiyo kwenda unapigana nao na kurudi unakusukuma, ndo maana kurudi ni kama masaa saba tu.

Na saa za kwenye tiketi ni za mji husika! Ukiondoka London saa 8 mchana ukafika New York saa 11 jioni hujaruka masaa matatu, ongeza masaa matano ambayo New York iko nyuma ya London.

Angalia pia zile herufi tatu za kutambulisha eapoti kwenye tiketi, LHR (Heathrow) na LGW (Gatwick) zote ni London ila ni eapoti mbili tofauti kabisa, ukibadilisha ndege hapo acha muda wa kutosha.