Kutenga fuwele za kushoto na kulia: angalia joto kwanza

Ukitaka kurudia lile jaribio la mwanakemia Mfaransa Louis Pasteur la 1848, la kutenga kwa kibano fuwele za kushoto na za kulia (zinazofanana kama kitu na taswira yake kwenye kioo), usianze na asidi ya tatariki ya kawaida. Ile hutokana na zabibu na ni ya upande mmoja tu. Utachambua mpaka macho yaume. Tafuta ya mchanganyiko, nusu ya kushoto na nusu ya kulia, kisha utengeneze chumvi yake ya sodiamu na amonia.

Halafu joto. Pande mbili hujitenga zenyewe mradi fuwele ziote chini ya nyuzi 27 hivi. Likizidi hapo, kushoto na kulia hukaa ndani ya fuwele moja, na kibano hakina kazi tena. Baridi ya Julai hapa Nairobi inafaa kabisa, ila mimi niliwahi kuacha bakuli la chumvi hiyo iliyoyeyushwa dirishani, jua la mchana likalipiga, wiki nzima ikaenda bure. Weka kabatini, funika kwa karatasi ya kuchujia, usilitikise.

Fuwele zikishanenepa, zigeuze moja moja chini ya lenzi utafute kiuso kidogo cha mshazari pembeni: kwa nyingine kiko kulia, kwa nyingine kushoto. Zilizogandana ziache tu.