Mwongozo wa Kununua Nintendo Switch Iliyotoka Nje

Karibu kila Nintendo Switch, konsoli ya gemu ya mkononi ya kampuni ya Nintendo ya Japani, inayouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam, Luthuli Avenue jijini Nairobi au mitandaoni imepitia nchi nyingine kabla ya kumfikia muuzaji. Nyingine zilinunuliwa mpya Dubai, nyingine zilitumika Japani, Uingereza au Marekani, kisha zikaingia nchini kwenye begi la msafiri au ndani ya mzigo mchanganyiko wa wakala. Nintendo haijafungua duka lake la mtandaoni kwa ajili ya Tanzania wala Kenya, na mnunuzi hana ofisi ya jirani ya kukimbilia kifaa kinapogoma. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, uliza kifaa kimetoka wapi na kama ni kipya au mtumba, kwa kuwa majibu hayo ndiyo yatakayokuonyesha utatumia chaja gani, utapata gemu kwa njia ipi, na utakagua nini zaidi pale kaunta.

Anza kwa kulitambua toleo lenyewe. Switch ya kwanza iliingia sokoni mwezi Machi 2017 ikiwa na namba ya modeli HAC-001, na betri yake hukaa kati ya saa mbili na nusu na saa sita na nusu kulingana na gemu inayochezwa. Mwaka 2019 lilitoka toleo lililoboreshwa, lenye namba HAC-001(-01), ambalo kwa macho halitofautiani na la kwanza lakini hukaa na chaji kati ya saa nne na nusu na saa tisa. Namba hiyo imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye mwili wa kifaa, na wauzaji wengi hawaitaji kabisa. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, tofauti hiyo ni kubwa kiasi cha kunifanya nimshauri mtu aongeze fedha kidogo apate toleo la pili badala ya kuchukua la kwanza kwa sababu tu limepunguzwa bei. Switch Lite, yenye namba HDH-001, nayo ilitoka mwaka 2019. Ni ndogo na nyepesi, lakini haiunganishwi na televisheni na padi zake (vidhibiti vya pembeni) hazichomoki, hivyo familia inayotaka kucheza pamoja sebuleni isiinunue. Toleo la OLED (aina ya kioo chenye rangi kali zaidi), HEG-001, lilifuata mwezi Oktoba 2021 likiwa na kioo cha inchi 7 na hifadhi ya gigabaiti 64, wakati matoleo yaliyotangulia yana gigabaiti 32. Switch 2 ilitoka mwezi Juni 2025, nayo ina masharti yake ambayo nitayaeleza hapa chini.

Suala linalowatia watu hofu bila sababu ni lugha. Switch iliyotumika Japani ikikufikia ikiwa imejaa maandishi ya Kijapani, ingia kwenye mipangilio, badilisha lugha kuwa Kiingereza, nayo itafanya kazi sawa na ile iliyouzwa London. Kadi za gemu za Switch pia hazina kufuli ya kanda, maana yake ni kwamba kadi iliyonunuliwa Marekani itasoma kwenye kifaa cha Japani. Panapohitaji umakini ni kwenye kadi zenyewe, kwa sababu baadhi ya gemu zilizotolewa kwa soko la Japani hazina Kiingereza ndani yake, na nyongeza za gemu zinazonunuliwa mtandaoni mara nyingi hukataa kufanya kazi iwapo zimetoka kwenye duka la kanda tofauti na ile ya kadi. Kwa hiyo soma upande wa nyuma wa kasha, pale lugha zinapoorodheshwa, kabla ya kununua kadi ya Kijapani kwa sababu ya unafuu wake.

Kwa Switch 2, hofu hiyo ina msingi wa kweli. Nintendo inauza Japani toleo maalumu la bei nafuu, yeni 49,980 lilipozinduliwa, ambalo mfumo wake uko kwa Kijapani peke yake na hukubali tu akaunti ya Nintendo ambayo nchi yake imewekwa kuwa Japani. Lipo pia toleo la lugha nyingi, lililouzwa huko huko kwa yeni 69,980. Ukiona mtu anatangaza Switch 2 mpya kwa bei ya chini sana kuliko wenzake, mwombe aiwashe mbele yako na akuonyeshe orodha ya lugha kwenye mipangilio. Ikiwa kuna Kijapani tu, hakuna fundi wa mtaani atakayeibadilisha kwa njia halali, na mtoto uliyemnunulia atabaki akibonyeza asichokielewa.

Nintendo 3DS, konsoli ya mkononi ya kampuni hiyo iliyotangulia Switch na ambayo bado inazunguka sana sokoni kama mtumba kutoka Japani, ina masharti makali zaidi. Gemu zake zina kufuli ya kanda: kifaa cha Japani husoma kadi za 3DS za Japani, cha Marekani husoma za Marekani, na lugha ya mfumo wa kifaa cha Japani haibadilishwi. Duka lake la mtandaoni lilisitisha mauzo tarehe 27 Machi 2023, na huduma ya kucheza mtandaoni ikafungwa Aprili 2024. Hatari kubwa zaidi iko kwenye chaja. Chaja ya 3DS iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani imeandikwa volti 100 na ile ya Marekani volti 120. Ukiichomeka kwenye soketi ya Dar es Salaam au Nairobi yenye volti 230 au 240, kibadilishi cha pini pekee hakipunguzi umeme, na chaja inaweza kuungua hapo hapo. Nunua chaja iliyoandikwa 100–240V au itumie kupitia transfoma ya kushusha umeme.

Kwa Switch, chaja halisi ya Nintendo imeandikwa 100–240V, hivyo ile ya Japani inahitaji tu kibadilishi imara cha pini, kwa sababu ina pini mbili bapa. Iliyotoka Dubai kwa kawaida huwa na pini tatu za mraba zinazoingia moja kwa moja kwenye soketi zetu. Tatizo ni kwamba wauzaji wengi wa mitumba hutoa chaja ya simu badala ya ile halisi. Chaja ya simu inaweza kuongeza chaji polepole, lakini kituo cha kuunganishia televisheni kinahitaji chaja yenye uwezo wa kutoa volti 15 na ampea 2.6, na bila hiyo picha haitatokea kwenye televisheni hata kama kila kitu ni kizima. Ukipewa chaja isiyo na maandishi hayo, omba bei ipunguzwe kwa kiasi cha kununulia nyingine.

Sasa twende kaunta. Usiende ukiwa mikono mitupu: beba kadi moja ya gemu, hata ya kuazima, fungua akaunti ya Nintendo mapema kupitia simu yako, na uwe na bando la kutosha la intaneti. Weka kifaa juu ya meza bapa kikiwa kimelala chali. Kikicheza kama meza yenye mguu mfupi, au ukiona kioo kimeinuka pembeni, betri imevimba, na hapo majadiliano yaishie. Kiwashe, pandisha mwanga hadi mwisho, na fungua ukurasa mweupe kisha mweusi ili madoa ya kioo yajitokeze. Ingiza kadi ya gemu, icheze kwa dakika kadhaa ukisikiliza feni, halafu ichomoe na kuirudisha. Sehemu ya kadi iliyochakaa husoma mara moja na kugoma mara ya pili.

Padi ndizo zinazostahili muda mrefu zaidi, kwa kuwa ugonjwa wa vijiti vya kuongozea vya Switch unajulikana duniani kote: mhusika kwenye gemu huanza kutembea mwenyewe wakati kidole hakijagusa chochote. Ingia kwenye mipangilio ya mfumo, fungua sehemu ya vidhibiti na vihisi, kisha chagua usawazishaji wa vijiti. Utaona duara lenye alama inayofuata mwendo wa kijiti. Kizungushe polepole hadi kwenye ukingo, kiachie, na uangalie kama alama inarudi katikati na kutulia. Rudia kwa kijiti cha pili. Baada ya hapo, padi zikiwa zimefungwa kwenye kifaa, jaribu kuzivuta juu bila kubonyeza kitufe cha kuzifungulia. Zikiteleza zenyewe, kishikio cha ndani kimelika. Kasoro hizi zote mbili fundi hodari anaweza kuzirekebisha kwenye Switch ya kawaida, lakini kwenye Switch Lite vijiti viko ndani ya mwili wa kifaa, na kazi hiyo inahitaji kukifungua chote.

Jaribio linalofuata ndilo ambalo wanunuzi wengi hulipuuza, nami naona lina uzito kuliko mengine yote. Nintendo hukifungia huduma za mtandaoni kifaa kilichotumiwa kuendesha gemu za wizi, na kifungo hicho hukifuata kifaa chenyewe, hakimfuati mmiliki wa zamani. Kifaa cha namna hiyo huwaka vizuri, husoma kadi vizuri, na muuzaji anaweza asijue lolote. Unganisha na intaneti ya simu yako, weka akaunti yako, kisha fungua duka la mtandaoni la Nintendo. Ukitakiwa kusasisha mfumo kwanza, subiri umalizike, hata kama muuzaji anaonyesha kuchoka. Ikitokea namba ya kosa 2124-4508, kifaa hicho kimefungiwa, na kukifuta upya hakusaidii. Wapo wanaoridhika nacho kwa kuwa watacheza kadi tu, lakini bei yake lazima ishuke sana, na mnunuzi awe anajua anachokichukua.

Jiulize pia gemu utazipata wapi, kwa maana gharama yake ya miaka miwili inaweza kuzidi bei ya kifaa. Kwa sababu Tanzania na Kenya hazina duka lao la Nintendo, wengi huweka akaunti yao Marekani au Afrika Kusini na kulipa kwa kadi za malipo zilizokwisha kulipiwa. Kadi hizo lazima ziwe za nchi ile ile iliyowekwa kwenye akaunti. Ya Marekani haitakubaliwa kwenye akaunti ya Uingereza. Nchi ya akaunti inaweza kubadilishwa, ila salio likiwa limebaki ndani utazuiwa hadi ulitumie. Kwa mtu anayehesabu bando lake, mimi napendekeza kadi halisi za gemu, maana zinaazimwa, zinabadilishwa na rafiki, na zinauzika tena. Kwa Switch 2, hata hivyo, soma kasha kwa makini: baadhi ya kadi zake hubeba ufunguo tu, na gemu yenyewe hupakuliwa yote kutoka mtandaoni. Vilevile Switch 2 huhifadhi gemu kwenye memori kadi za aina ya microSD Express peke yake, na zile za kawaida unazotoa kwenye simu haziwezi kutumika kwa kazi hiyo.

Ukiamua kuagiza mwenyewe kutoka Japani kupitia wakala wa minada, jifunze kutambua neno moja la Kijapani, ジャンク. Likiandikwa kwenye tangazo, muuzaji anasema kifaa kinauzwa kama kilivyo, bila dhamana, na mara nyingi bila kujaribiwa. Waliowahi kuagiza magari kutoka huko wataielewa tahadhari hii haraka. Piga pia hesabu ya forodha kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipa. Ushuru hutozwa juu ya bei ya kifaa ikijumlishwa na usafiri na bima, kisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) hutozwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru. Chukua kifaa cha dola 200 kilichosafirishwa na kuwekewa bima kwa dola 40: kikitozwa ushuru wa asilimia 25, ambacho ni kiwango cha bidhaa nyingi zilizokamilika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinafika dola 300, VAT ya Tanzania Bara ya asilimia 18 inaongeza dola 54, na hapo bado tozo ndogo ndogo na malipo ya wakala. Ukiongeza yote hayo, bei ya duka la Kariakoo lenye risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) mara nyingine huonekana ya haki kabisa. Anayekuletea kwa ndege akumbuke kubeba kifaa kwenye begi la mkononi, kwa ajili ya betri yake ya lithiamu.

Kuhusu vile vifaa vya bei rahisi vyenye umbo la PSP (konsoli ya zamani ya mkononi ya Sony) vinavyotangazwa kuwa na maelfu ya gemu, inatosha kusema kwamba vingi huendesha gemu za miaka ya themanini na tisini tu, na havisomi diski wala kadi za kampuni yoyote kubwa. PlayStation Portal nayo ni kifaa halisi cha Sony, lakini imeundwa kwa ajili ya kuchezea gemu kupitia intaneti, hasa kutoka kwenye PS5 (konsoli ya nyumbani ya Sony), kwa hiyo asiye na PS5 nyumbani asiichukue akidhani amenunua konsoli kamili.

Ukisharidhika, yafanye mambo mawili ya mwisho ukiwa bado dukani. Mwambie muuzaji aondoe akaunti ya mmiliki wa awali na kukirudisha kifaa kwenye hali ya kiwandani kupitia mipangilio ya mfumo. Ikidaiwa namba ya siri ya udhibiti wa wazazi ambayo hakuna anayeijua, usilipe hadi iondolewe. Kisha linganisha namba ya utambulisho iliyo chini ya kifaa na ile iliyo kwenye boksi, na uhakikishe namba hiyo hiyo imeandikwa kwenye risiti pamoja na idadi ya siku ambazo muuzaji amekubali kukipokea tena kikiharibika.