Ndugu yako akishtakiwa Dar: usiulize juri, uliza kesi inatajwa au inasikilizwa

Binamu yangu wa Houston alinipigia saa tisa usiku. Mdogo wake alikuwa amepandishwa kizimbani Kisutu mchana wake, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Kaka, juri wanachagua lini?"

Hakuna juri. Huko kwake raia wa kawaida huitwa, huhojiwa na mwendesha mashtaka na wakili wa utetezi, wengine wanachujwa, na 12 wanaobaki lazima wakubaliane wote ndipo mtu atiwe hatiani. Uingereza wakivutana sana, jaji anaweza kukubali 10 kati ya 12. (Na wewe wa London usicheke: raia wa Jumuiya ya Madola aliyejiandikisha kupiga kura na kuishi huko miaka mitano anaweza kuitwa, Mtanzania akiwemo.) Dar, hakimu mmoja ndiye anayesikiliza, anayepima ushahidi na anayeandika hukumu pamoja na sababu zake. Mahakama Kuu anakaa jaji. Zamani kwenye kesi za mauaji alikaa na wazee wa baraza, wakatoa maoni ambayo hayakumfunga. Mabadiliko ya sheria ya 2022 yameondoa ulazima huo.

Kwa hiyo hangaika na mambo mengine. La kwanza ni dhamana. Polisi wanatakiwa kumfikisha mtu mahakamani ndani ya saa 24, na dhamana yenyewe haiuzwi, iwe kituoni au mahakamani. Mara nyingi wanaotakiwa ni wadhamini wawili wenye kitambulisho cha taifa (NIDA) na barua ya serikali ya mtaa. Wewe uliye nje huwezi kuwa mdhamini kwa simu, basi tafuta mapema nani wa Mbagala au Tabata yuko tayari kusaini. Kesi ikihusu mali ya thamani kubwa, jiandae kwa hati ya nyumba au fedha taslimu ya nusu ya thamani hiyo. Mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha havina dhamana. Hapo ndugu yako anakwenda mahabusu, gereza la Keko au Segerea.

La pili ndilo linalowatoa watu machozi. Asubuhi karandinga linaingia, mahabusu wanashuka, mama zao wamejipanga ukutani na mifuko ya rambo. Jina linaitwa. Wakili wa serikali anasimama: "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Shauri linaahirishwa kwa wiki mbili hivi. Dakika tatu, basi. Huko ndiko kutajwa. Hakuna shahidi, hakuna hoja. Binamu yangu alikata tiketi ya ndege kwa ajili ya siku kama hiyo, nilimwonya, hakusikia.

Kwenye kesi za mauaji utasikia pia mshtakiwa akiambiwa hatakiwi kujibu chochote. Usidhani ananyanyaswa: mahakama ile ya hakimu haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo, inasubiri upelelezi ukamilike iipeleke Mahakama Kuu.

Nafasi hiyo ya kungoja ndiyo shamba la vishoka. Mtu mwenye bahasha ya kaki atampigia shangazi yako kwamba "anamjua hakimu", na milioni mbili zako zitapotelea hapo. Mtumie pesa wakili mwenyewe, baada ya kulikagua jina lake kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili, na umdai namba ya kesi, risiti, na ujumbe wa sauti kila baada ya tarehe.

Upelelezi ukikamilika, mshtakiwa husomewa maelezo ya awali, aseme yapi anayakubali na yapi anayakataa. Ndipo mashahidi wa Jamhuri, yaani wa upande wa mashtaka, wanapanda, wanahojiwa na wakili wa utetezi. Wakimaliza, hakimu anaamua kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Hana? Anaachiwa huru. Anayo? Anajitetea kwa kiapo, au bila kiapo, au ananyamaza, na anaweza kuita mashahidi wake. Huko ndiko kusikilizwa, na tarehe hizi ndizo za kukatia tiketi.

Tahadhari moja: mashtaka yakifutwa kwa sababu Mkurugenzi wa Mashtaka hana nia ya kuendelea, usichinje mbuzi bado. Si sawa na kuachiwa huru kwa hukumu, mashtaka yanaweza kurudi.

Hukumu inasomwa hadharani. Akitiwa hatiani kwa hakimu, notisi ya kukata rufaa Mahakama Kuu inatakiwa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu. Kwa hiyo wakili aombe nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi (kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani) siku hiyo hiyo, kabla karani hajafunga dirisha.