Lori la Euro VI: kutunza chujio la masizi na mfumo wa AdBlue

Tangu mwisho wa 2013, malori na mabasi mazito mapya yanayosajiliwa Umoja wa Ulaya sharti yatimize Euro VI, kiwango cha Ulaya cha moshi wa magari: kwenye jaribio la mwendo usiobadilika, zisizidi gramu 0.4 za oksidi za nitrojeni kwa kilowati-saa. Euro V, kiwango kilichotangulia, iliruhusu gramu 2. Injini peke yake haiwezi kufika huko, ndiyo maana ekzosi imebebeshwa chujio la masizi na mfumo wa kupuliza AdBlue, kimiminika cha kupunguza oksidi hizo. Wenye magari wengi huvilaumu vifaa hivi. Mara nyingi vinaonyesha tu kwamba injini, mafuta au aina ya safari ina kasoro.

Anza na unachomimina. Dizeli iwe na salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, na oili iwe ya majivu kidogo, ya daraja alilotaja mtengenezaji. Masizi huungua, lakini majivu ya oili hayaungui hata kidogo. Yanajazana ndani ya chujio mpaka lifunguliwe na kusafishwa kwa mashine.

Lori linalovuta mzigo safari ndefu huchoma masizi lenyewe, kwa kuwa ekzosi inapata moto wa kutosha. Gari la kusambaza bidhaa, la kusimama kila mara, halipati moto huo. Kompyuta hulazimika kuongeza dizeli ili kupandisha joto hadi karibu nyuzi 600. Dereva akizima injini katikati ya uchomaji huo, masizi yanabaki. Na kama dizeli hiyo hupulizwa ndani ya silinda, sehemu yake hushukia kwenye oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili: oili ikiwa imepanda na inanuka dizeli, imwage kabla gari halijatoka, kwa sababu imeshakuwa nyepesi mno kulinda beringi na turbo.

Taa ya chujio ikiwaka, egesha mahali pa wazi, mbali na nyasi kavu na mafuta. Injini iwe na moto wake wa kazi, gia huru, breki ya mkono imefungwa. Bonyeza swichi ya kuchoma, kisha usiguse pedali yoyote. Huchukua kama nusu saa, pengine zaidi. Andika kilomita kila unapochoma.

Nafasi kati ya uchomaji mmoja na mwingine ikizidi kufupika, usikimbilie kung'oa chujio. Chunguza kwanza mabomba ya mpira ya hewa kati ya turbo na injini: utando wa oili uliogandia vumbi karibu na klipu ni alama ya ufa. Hewa ikivuja, dizeli haiungui vizuri, masizi yanaongezeka. Halafu nozeli za dizeli zinazovuja, turbo inayopitisha oili, na vali ya kurudisha moshi iliyokwama. Angalia pia vibomba vya sensa ya shinikizo la chujio. Kimoja kikiziba au kupasuka, kompyuta husoma uongo na chujio zima huhukumiwa bure. Chujio likisafishwa bila kutibu chanzo, litajaa tena.

AdBlue ni urea asilimia 32.5 katika maji yaliyosafishwa. Kwa kawaida hutumika lita 3 hadi 6 kwa kila lita 100 za dizeli. Ikipungua sana chini ya hapo, shuku nozeli ya AdBlue iliyozibwa na fuwele nyeupe. Ziyeyushe kwa maji ya moto, usikwangue kwa waya. Usijitengenezee kwa mbolea ya urea, uchafu wake huua kichocheo, sehemu ya ekzosi ambamo AdBlue hufanya kazi. Ihifadhi kivulini, katika plastiki safi au chuma cha pua, kamwe si shaba wala mabati. Faneli iliyopitisha dizeli isiikaribie: dizeli huvimbisha mipira ya pampu. Dizeli ikishaingia tenki la AdBlue, usiwashe hata swichi. Mwaga na usafishe mfumo.

Tenki la AdBlue likikaribia kukauka, kompyuta hupunguza nguvu ya mzunguko kwa asilimia 25. Ukiendelea kupuuza, lori hufungwa lisizidi kilomita 20 kwa saa. Kwa hiyo kagua tenki hilo kila asubuhi pamoja na dizeli, na safari ndefu zibebe galoni ya akiba ya AdBlue iliyofungwa vizuri.