Kabla Hujatuma Makala Yako Kuhusu Maadili ya Uchapishaji: Mambo ya Kuzingatia Ukiwa Kigoma

Anayeandika kuhusu maadili ya uchapishaji hukaguliwa mara mbili. Mhariri husoma unachowaambia wachapishaji, halafu hugeuka kukutazama wewe umeifanyaje kazi yako. Ukilaumu kampuni kwa kumdhulumu mwandishi mrabaha, yaani fungu lake la mauzo ya kitabu, na papo hapo umeweka jina la mtu ambaye hakuandika hata aya moja, hoja yako imekufa.

Kibali cha maadili kitoke kabla ya mahojiano ya kwanza. Majarida mengi huuliza namba ya kibali na tarehe yake, na kamati za maadili hazitoi kibali cha kurudi nyuma. Barua ya chuo na barua ya utambulisho kutoka kwa Katibu Tawala wa Mkoa zitakufungulia milango ya ofisi, lakini hazishiki nafasi ya kibali hicho. Skani zote, ujitumie kwa barua pepe.

Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, na iseme wazi kwamba maneno ya mhojiwa yatachapishwa mahali ambapo yeyote mwenye simu anaweza kuyasoma. Wengi huandika "kwa ajili ya masomo tu", kisha tasnifu ikigeuzwa makala wanajikuta hawana ruhusa. Kama umeshakwama hapo, rudi kwa wahojiwa uombe ridhaa upya. Njia ya mkato hakuna.

Waandishi mkubaliane mapema nani yumo na nani anatangulia, na mkubaliane kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni cha kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, chenye masharti manne: umechangia kwa uzito katika kubuni utafiti, au kukusanya au kuchambua data, umeandika au kuisahihisha rasimu kwa kina, umeidhinisha toleo la mwisho, na uko tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Yatimie yote manne. Msimamizi aliyerekebisha tahajia anashukuriwa, haandikwi kuwa mwandishi. Programu za akili mnemba nazo haziwi mwandishi. COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997, ilitamka hivyo mwaka 2023. Ukizitumia, sema umezitumia wapi.

Sasa hili ndilo linaloumiza watu, na miongozo ya majarida ya ng'ambo hailielezi vya kutosha kwa sababu imeandikwa na watu wa miji mikubwa: kuficha utambulisho wa mhojiwa katika mji mdogo.

Chukulia unaandika kuhusu vitabu vya kiada vinavyorudufiwa bila idhini na kuuzwa kama halali. Umehoji wauza vitabu. Kwenye makala unaandika hivi: "Mhojiwa wa 7, mwanamke, miaka 54, mmiliki wa duka la vitabu na vifaa vya ofisi Mwanga, yuko kwenye biashara tangu 1998." Jina umelitoa, umeridhika. Sasa chukua sentensi hiyo umsomee bodaboda yeyote pale soko la Mwanga, Kigoma. Hatakuuliza jina. Atakuambia panda, akushushe mlangoni kwake.

Kila kipande peke yake hakina neno: jinsia, umri, mtaa, mwaka, aina ya duka. Vikikaa pamoja vinakuwa anwani. Na mama huyo alikueleza kwamba nakala za kurudufu huletwa na wakala yuleyule anayempa vitabu halali kwa mali kauli. Makala ikitoka, haichukui muda kufika kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara. Wakala anasoma, anajua ni nani aliyesema. Hatagomba wala hatapiga simu. Januari shule zinapofunguliwa, mama anaagiza mzigo anaambiwa alipe taslimu yote kabla haujapakiwa Dar es Salaam. Msimu umekwenda. Wewe umepata makala kwenye wasifu wako, yeye amepoteza mkopo alioujenga kwa miaka. Ukimwandikia mhariri aibadilishe, toleo la mtandaoni litarekebishwa na kuwekewa tangazo la masahihisho, lakini nakala zilizoshapakuliwa hazirudi, na tangazo lenyewe huwaonyesha watu pa kutazama.

Basi fanya hivi. Umri uweke kwa makundi mapana, au uuondoe kabisa kama uchambuzi wako hauutumii. Jinsia iondoke pale wahojiwa wa aina hiyo wakiwa chini ya watano. Mtaa usitajwe. Mji nao ufikirie mara mbili, kwani ukiandika "mji mmoja wa bandari kwenye Ziwa Tanganyika" huku anwani yako chini ya jina inasema Kigoma, umeficha nini? Andika "kanda ya magharibi" na uchanganye wahojiwa wa Kigoma na Tabora kwenye kundi moja. Nukuu zikague pia: neno la Kiha lililobaki, msemo anaojulikana nao, au bei aliyowahi kuitaja hadharani humtambulisha mtu upesi kuliko jina. Angalia ukurasa wa shukrani, maana wapo wanaoficha jina ndani ya makala kisha wakamshukuru mhusika kwa jina mwishoni, kwa nia njema kabisa. Mwisho wa yote, mrudie mhojiwa na karatasi mkononi, msomee aya zinazomhusu, muulize: mtu wa hapa akisoma hii atakujua? Akisita, ifute. Nukuu nzuri haina thamani ya duka la mtu.

Kwa upande wa mchapishaji unayemtuhumu, usitegemee maneno ya mwandishi aliyekasirika peke yake. Pata nakala ya mkataba na taarifa ya mauzo, uhesabu mwenyewe asilimia ya mrabaha: ni ya bei ya rafu au ya kile kilichobaki baada ya punguzo la muuzaji? Madai mengi ya "wamenipunja" hutokana na tofauti hiyo. Kisha mwandikie mchapishaji, mpe siku 14 ajibu, na jibu lake liingie kwenye makala.

Mgongano wa maslahi utangaze hata kama unaona ni mdogo. Kama umewahi kuandika kitabu cha kiada kwa kampuni unayoichambua, au inakudai, au unaidai, sema. Kama jarida lenyewe linamilikiwa na kampuni unayoikosoa, mwandikie mhariri kwanza umuulize nani atasimamia uamuzi.

Kuchagua jarida: nembo ya COPE kwenye tovuti yao si ushahidi, nenda kwenye tovuti ya COPE yenyewe utafute jina. Fanya hivyo hivyo kwa DOAJ, orodha ya majarida huria, yaani yanayosomwa bure mtandaoni. ISSN ni namba ya tarakimu 8 inayotambulisha jarida, haipimi ubora wake. Anayekuahidi kuchapisha ndani ya siku tatu, au anayetaka ada itumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, mwache. Kama jarida halali linatoza ada, omba msamaha wa ada kabla ya kutuma au wakati wa kutuma. Wachapishaji wengi hawalipokei ombi hilo makala ikishakubaliwa.

Usitume makala moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja. Ukitaka kuiondoa kwenye la kwanza, andika barua ya kuiondoa na usubiri jibu la kukubali. Ukimya si ruhusa. Jambo linalowapata sana waandishi wa Kiswahili ni kutoa makala kwa Kiswahili, kisha kuitafsiri na kuituma kwingine kama kazi mpya. Tafsiri inaruhusiwa pale wahariri wote wawili wanapojua, mwenye hakimiliki ameridhia, na tanbihi ya ukurasa wa kwanza inasema ilitoka wapi. Bila hayo ni uchapishaji wa marudio. Tasnifu iliyopo kwenye hazina ya chuo nayo itaonekana kwenye kipimo cha ufanano, programu inayolinganisha maneno yako na maandishi mengine, kwa hiyo itaje kwenye barua kwa mhariri kabla hajaiona mwenyewe.

Jina lako liondoke kwenye faili linalokwenda kwa wapitiaji, wataalamu wanaoipima makala bila kujua nani kaiandika. Si chini ya kichwa cha makala tu: kwenye Word ingia sehemu ya taarifa za faili, tumia kifaa cha kukagua hati, futa jina la mwandishi na maoni ya pembeni. Jina la faili lisiwe la kwako. "Kama nilivyoonyesha mwaka 2021" igeuke "Mwandishi (2021)".

Saa za mwisho zisome polepole. Saa 12:00 GMT ni saa tisa alasiri kwetu. Ukiisoma kama saa kumi na mbili jioni umechelewa saa tatu. Tuma siku mbili kabla, umeme ukiwepo, ukiwa na bando la akiba kwenye laini ya pili, maana mfumo ukikatika katikati ya kupakia faili la tatu mara nyingi unaanza upya. Ukishatuma, pakua PDF iliyotengenezwa na mfumo uisome yote, hasa majedwali na herufi za ng', ambazo kiapostrofi chake hugeuka alama ya ajabu. Hifadhi namba ya makala. Angalia barua taka kila wiki, maombi ya masahihisho huangukia huko. Nywila isiwe kwenye kompyuta ya stesheneri ulikokwenda kuskani. Na rekodi za mahojiano zitoe kwenye simu kabla hujaipeleka kwa fundi.