Chonga ufunguo wa pili kabla wa kwanza haujapotea

Wenye magari wa Mwanza, kama gari lako lilitoka Japani na ufunguo mmoja tu, naomba uchonge wa pili wiki hii. Usisubiri huo mmoja ukuponyoke majini ukishuka kivukoni Kamanga.

Kwenye magari mengi ya siku hizi, ndani ya plastiki ya ufunguo kuna chipu ndogo, nyingine kama punje ya mchele. Ukichonga chuma peke yake, mlango utafunguka na swichi itazunguka, lakini injini itagoma au itawaka na kuzima papo hapo, maana kompyuta ya gari haiutambui ufunguo huo. Ukiwa na ufunguo mzima mkononi, fundi huongeza wa pili bila kazi kubwa. Ukiwa huna hata mmoja, mara nyingi kumbukumbu ya kompyuta lazima ichezewe, na gari pengine livutwe hadi kwake. Bei hapo inapaa kweli.

Umepoteza mmoja? Mwambie fundi aufute kwenye kumbukumbu, asikuongezee mpya tu. Wengi husahau hili, na aliyeuokota anabaki na uwezo wa kuwasha gari lako.

Kabla hujalipa, washa injini kwa kila ufunguo, halafu jaribu remoti. Chipu na remoti ni vitu viwili tofauti. Kimoja kinaweza kukubali kingine kikakataa.

Na kile kibati kidogo chenye namba ya ufunguo, kama ulipewa, kitoe garini leo. Kiweke nyumbani pamoja na kadi ya gari.