Paswedi: anza na imeili, mengine yatafuata

Paswedi zetu wengi ni jina la mtoto na mwaka aliozaliwa, au namba ya simu, au 123456. Hiyo ya mwisho sio utani, mwaka 2009 kampuni ya RockYou ya Marekani ilidukuliwa zikavuja paswedi milioni 32 na iliyoongoza ilikuwa hiyohiyo. Wezi wana hizo orodha, na anayebahatisha ni programu, haichoki.

Sasa kabla ya yote shughulikia imeili. Facebook, Instagram, mpaka akaunti ya kuombea ajira, ukibonyeza umesahau neno la siri linki inaenda kwenye imeili, kwahiyo aliyeishika imeili kashika zote.

Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana kabisa, mfano dodoki-reli-tumbili-kiroba-mvua (usichukue hii, ishasomwa). Urefu ndo unaosaidia, huo ujanja wa kuweka @ badala ya a wadukuzi wanaujua siku nyingi. Methali na mstari wa wimbo achana navyo. Ukiona utasahau andika kwenye daftari ufungie kabatini, kweli kabisa, mwizi wa mtandaoni kabatini kwako hafiki. Akaunti zilizobaki iachie programu ya kutunza paswedi kama Bitwarden, ya bure inatosha, inakutungia kila akaunti na yake we unakariri moja tu ya kuifungulia.

Halafu kuna hili watu hawalisemi. Kama imeili ulifunguliwa steshenari wakati unaomba mkopo wa chuo HESLB, yule dogo wa pale paswedi anaijua, alikutungia yeye, na pengine namba ya kurudishia akaunti aliweka ya kwake ili mambo yaende haraka. Sio lazima awe mwizi, ila kompyuta ile wanaikalia watu kibao. Ingia akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, angalia namba na imeili ya kurudishia, weka zako, toa vifaa usivyovijua, badili paswedi.

Ukiwa hapohapo washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya paswedi unaombwa na namba ya muda. Tumia Google Authenticator, programu inayokupa namba hiyo kwenye simu yako, kuliko meseji maana laini yako tapeli anaweza kuirinyuu kwa jina lako, meseji zikaanza kuingia kwake. Google wanakupa na namba 10 za akiba, ziprinti (nyumbani sio steshenari jamani) siku simu ikiibiwa zitakuokoa.

WhatsApp nayo ina PIN yake ya tarakimu sita, ipo kwenye Mipangilio, Akaunti. Na zile namba sita za kuthibitisha WhatsApp zinazokuja kwa meseji usimtumie mtu, hata shangazi akiziomba, maana hapo shangazi mwenyewe huenda keshaibiwa akaunti na unachati na tapeli, mpigie kwanza.

Mwisho piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako, ukikuta usiyoijua nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika waifute.